Kilio cha Mtu Aliye Jikoni

Kamera niliinunua Likasi, kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa ameamua kuacha kazi hiyo na kuuza samaki wa barafu. Kitufe kimoja kilikuwa kimekwama, na lenzi ilikuwa moja tu, ile isiyovuta kitu karibu wala kukisukuma mbali. Ukitaka uso wa mtu uijaze picha, inakubidi utembee mpaka ulipo huo uso. Hilo halikunisumbua. Nilikuwa nimetembea maisha yangu yote.

Nina miaka arobaini na kitu. Nilimaliza sekondari Kolwezi, nikaondoka mwezi uleule, na tangu hapo sikukaa mji mmoja miaka mitatu mfululizo. Nimekuwa utingo wa lori, nimeuza vitambaa Kalemie, nimepiga picha za pasipoti Dilolo, karibu na mpaka wa Angola. Huko Dilolo ndiko niliposikia kwa simu kwamba mama amefariki. Gari moshi halikuja wiki ile, na barabara ilikuwa matope matupu. Hizo ndizo sababu nilizowaambia watu. Ukweli ni kwamba mama alikuwa ameniita mara mbili kabla ya hapo, akiwa mgonjwa, na mara zote mbili nilimjibu: mwezi ujao. Nilifika Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, wakati kilio kilishakwisha zamani. Mikeka ilikuwa imekunjwa, na nyumba ilishapata watu wengine.

Kilio ndivyo tunavyoyaita matanga kwetu. Mikeka inatandikwa uani, wanaume wanawasha moto wa magogo na kuuzunguka, picha ya marehemu inawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na matawi ya mchikichi yanasimikwa kando ya barabara ili kila anayepita ajue.

Filamu niliyotaka kutengeneza ilikuwa ya dakika kumi. Mtu anarudi nyumbani na kukuta mikeka imetandikwa nje. Basi. Hakuna anayeeleza kitu. Nilikuwa nimeibeba kichwani miaka minne, nikilala nayo kwenye nyumba za wageni za miji mbalimbali, mpaka siku moja nikaona nisipoipiga nitaichosha, itakufa.

Kapata ilinifaa kwa sababu moja. Kampuni iliyojenga mtaa ule ilijenga nyumba moja kisha ikairudia mara mamia: mlango uleule, ngazi mbili zilezile za saruji, jiko lilelile la nje. Mtu wa Kapata akiingia nyumba ya jirani hahitaji kuonyeshwa choo. Nyumba yetu sikuweza kuipata tena, lakini ya mama jirani, nyumba ya nne kwenye mstari wetu, ilikuwa nyumba yetu.

Mama huyo alikuwa rafiki wa mama yangu. Wote wawili wazazi wao walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, na wote waliolewa na watu wa kampuni. Mumewe aliendesha vichwa vya treni vya kampuni mpaka alipostaafu, akafa. Nilimkuta uani akichambua maharage.

"Muana wanyi," aliniita, kama alivyozoea kumwita kila mtoto wa mstari wetu, mwanangu. "Umerudia? Ama unapita?"

"Niko napita, mama. Lakini niko natafuta fasi ya kutengenezea filme."

"Filme ya nini?"

"Ya kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya mama."

Aliacha maharage. "Mama yako tulisha kumulilia. Siku mbili tulilala inje. Weye ulikosa."

"Njo maana, mama." Ndiyo maana nilikuja.

Akatazama kona ya uani, ambapo palikuwa na bati kuukuu lililokandamizwa kwa mawe. Chini ya bati lile kulikuwa na shimo. Habari za shimo hilo nilishazisikia sokoni kabla hata sijafika mlangoni kwake, maana Kapata nzima ilizijua.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale vijana wanaoshuka mgodi wa Mashamba na koleo na tochi ya kichwani. Miaka mitatu iliyopita mama alikwenda harusini Lubumbashi kwa binti zake. Kijana akabaki peke yake nyumbani, akachukua udongo wa uani, akautazama kwa macho ya kazi yake, akaona kijani kidogo cha shaba. Mama aliporudi alikuta shimo linalomfika mtu kifuani, hatua sita kutoka jikoni, na mwanawe ndani yake anatupa udongo juu.

Watu walimsikia mpaka mstari wa tatu. "Baba yako alilala mu hii nyumba miaka makumi tatu, na weye unamutobolea chini? Toka! Usirudie kukanyaga hapa mpaka siku utakuya kunizika!"

Kijana alitoka shimoni, akapangusa mikono, akaenda. Alibadilisha namba ya simu. Wengine walisema yuko Mashamba, wengine walisema Fungurume. Miaka mitatu mama hakumwona wala kusikia sauti yake, na bati aliliacha palepale. Hakulifukia shimo. Majirani waliokuja na koleo kumsaidia aliwarudisha. Alisema aliyelichimba atalifukia.

Hayo niliyajua yote siku ile nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Nilijua anamtaka mwanawe. Ila nilikuwa na filamu kichwani, na mtu mwenye filamu kichwani anatazama uani kwa mtu na kuona mwanga unatoka wapi.

"Filme yako itachukua siku ngapi?" aliniuliza.

"Tatu. Mwangaza muzuri iko saa kumi tu."

"Sawa," alisema. "Tufanye hapa."

Tulikuwa watu watatu. Mimi na kamera. Rafiki yangu wa shule, fundi wa simu sokoni, alishika sauti: alifunga simu moja kwa soksi nene ili upepo usiisumbue, akaificha ndani ya beseni la unga katikati ya wanaolia. Wa tatu alikuwa mwigizaji, mchimbaji mrefu kutoka Kwilu niliyempata kwenye kibanda cha chai. Nilimchagua kwa sababu ya mabega yake, ambayo yalikuwa ya mtu aliyechelewa mahali.

Miguu ya kamera ilitengenezwa na mchomeleaji kwa vyuma vya ujenzi. Ilikuwa mizito kama mtoto wa ng'ombe, lakini haikutikisika. Kurudisha mwanga kwenye nyuso tulishona mifuko minne myeupe ya kubebea madini ikawa shuka moja, tukaitundika kwenye kamba ya nguo. Vumbi tulilizuia kwa mfuko wa plastiki tulioivika kamera na kuutoboa mbele. Betri ilikuwa moja. Tuliichaji asubuhi dukani kwa mtu mwenye paneli ya jua, na ikifika jioni imekwisha, kwa hiyo tulijifunza kutopiga kitu kabla ya kukifikiria. Malori ya madini yalipita barabarani kila baada ya dakika chache, na fundi wa simu alinyoosha mkono juu, sote tukanyamaza mpaka ngurumo iishe, hata waliokuwa wakilia walikatisha kilio, wakangoja, wakaendelea.

Tulipopanga meza, tulikwama kwenye picha. Sikuwa na picha ya mama yangu. Ya mwisho niliipoteza pamoja na begi, kwenye lori.

"Tukate sura ya mutu mu gazeti," alisema fundi wa simu.

"Batu ba Kapata balilie gazeti?" Mama jirani aliingia ndani, akatoka na picha yake mwenyewe, ya rangi, kwenye fremu: amevaa kitenge cha kwaya, hacheki. "Wekeni iyi."

Fundi wa simu alirudi nyuma hatua moja. "Mama, non! Mutu angali muzima habamuwekake pa meza ya kilio. Ni kuita kifo."

"Kifo ikikuya, utaiambia niko jikoni napika." Aliiweka mwenyewe, akainyoosha, akarudi nyuma kuitazama kwa mbali. "Na matawi mutaweka wapi?"

"Hapa pa kiingilio, mama. Kamera itayaona."

"Hapana. Pa barabara kubwa."

"Kamera haitafika kule."

"Kilio bila matawi pa barabara, ni kilio ya nani? Ya mwizi? Muweke kule, pande mbili."

Niliona amekolea. Nilifurahi hata, nilidhani ameipenda filamu na anataka iwe kweli. Nikaenda na mwigizaji, tukasimika matawi ya mchikichi kwenye barabara inayotoka mjini, mahali pikipiki zote hupita. Nimezaliwa Kapata, lakini miaka yangu ya kuzurura ilikuwa imenifanya nione matawi kama mapambo. Mtu aliyebaki nyumbani asingekosea vile.

Siku ya kwanza wanawake wa kwaya yake walilia vizuri mno. Nikisema "anza" wanaanza, nikisema "acha" wanaacha na kuulizana habari za bei ya mafuta. Saa kumi na moja hivi, mwanga ukiwa bado unafaa, waliingia watu watatu nisiowajua: mwanamke na sinia la unga kichwani, mwingine na kikapu cha makaa, na mzee mmoja mwenye koti la suti na kofia. Walikuwa wametoka upande wa pili wa mtaa. Waliona matawi.

Mzee alikuwa dereva wa treni zamani, mwenzake marehemu mume wa mama. Alitazama picha mezani, akavua kofia, akakaa kwenye moto na wanaume wa kujifanya tuliowaweka pale. Kabla sijapata namna ya kumweleza, alianza kusema, kama inavyofanyika, habari za marehemu.

"Huyu mama," alisema kwa sauti nzito, "wakati kampuni ilikosa kutulipa, alikuwa anapika chungu mbili. Moja ya kwake, moja ya nani? Ya mwenye anapita. Mi nilipita kila siku."

Fundi wa simu alinitazama. Kamera ilikuwa inaendelea. Nyuma ya pazia la jiko nilimwona mama mwenyewe amesimama na mwiko mkononi, anasikiliza, shingo ameinamisha upande kama mtu anayesikiliza wimbo autambuao.

"Na alikuwa mukali," aliendelea mzee. "Bwana yake alikuwa anaogopa treni kidogo, yeye anamuogopa mingi."

Mama hakuweza kuvumilia. Alitoka na beseni la bukari, ugali wetu, likifuka moshi. Yule mwanamke wa unga alipiga yowe na kumwaga sinia lake. Mzee alisimama, akakaa, akasimama.

"Mama! Mi niko nakulilia, kumbe uko napika?"

"Lia tu, tata," alimwambia, kwa jina letu la baba, "usikate. Bukari iko karibu."

"Siku utakufa kweli, mi sitakuya."

"Utakuya. Nani atakupikia?"

Walicheka wote, hata mwanamke wa unga. Tukawaeleza habari ya filamu. Walikula, wakaacha unga na makaa yao, kwa sababu kitu kilicholetwa kilioni hakirudi nyumbani. Nilitaka kwenda kuyatoa matawi palepale.

"Acha," alisema mama. "Siku tatu tulisema ni siku tatu."

Siku ya pili walikuja wengi zaidi. Nilimweka mwigizaji kiingilioni akawe anawaambia watu kabla hawajafika kwenye picha, maana niliogopa mtu mwenye moyo dhaifu. Wengine waligeuka wakiguna. Wengine waliingia wakae tu, wakisema wameshafika. Mama mmoja anayeuza mihogo inayoletwa kutoka Kasaji aliondoka kabla mwigizaji hajampata. Aliona matawi, akamuuliza dereva wa pikipiki, akaambiwa nyumba gani, akaendelea na safari yake ya Kasaji na habari mdomoni. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Shida yangu siku ile ilikuwa nyingine. Mwigizaji hakujua kuingia. Kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kupita ubavuni mwa nyumba, aone mikeka, aelewe. Alipita kama mtu aliyeitwa kupokea mshahara. Nikamwambia apunguze mwendo, akapita kama mtu anayetafuta sindano.

"Tembea kama mutu anafika kwabo na anakuta kilio," nilimwambia.

"Tata, kwetu ni mbali," alijibu. "Kilio ya kwetu sijaionaka. Banakufaka tu mu simu."

Nilimwambia tupumzike, nikaenda kukaa karibu na bati. Ndipo nilipopata wazo la shimo. Nikikosa sura, nitapiga miguu. Nikishuka mle ndani, kamera itakaa sawasawa na ardhi, bila miguu yake ya chuma, na viatu vya mtu anayekuja vitakuwa vikubwa kama nyumba. Nilimwomba mama ruhusa.

"Shuka," alisema. "Ile shimo ifanye hata kazi moja."

Siku ya tatu, saa kumi, nilikuwa shimoni mpaka kifuani, kamera juu ya mfuko wa mchanga, jicho langu likiwa chini ya magoti ya watu. Kuta za shimo bado zilikuwa na alama za sururu, safi, zimepangana vizuri. Kijana alikuwa mchimbaji mwenye mkono mzuri. Upande wa kushoto wa picha kulikuwa na mguu wa meza na kona ya kitambaa cheupe. Wanawake walikuwa wakiimba taratibu. Nilisema "anza," nikangoja viatu vya mwigizaji.

Vilivyokuja havikuwa viatu vyake. Vilikuwa mabuti ya mpira, yamejaa vumbi jeupe la barabara ya Kasaji, ambalo si jekundu kama letu. Yalikuja mbio, kisha yakasimama. Yalikaa pale kwa muda mrefu. Moja likasogea mbele nusu hatua, likarudi. Kisha yakaanza kutembea tena, polepole, yakikokota visigino, kuelekea mezani, na mbele ya meza magoti yakashuka ardhini kwa kishindo nilichokisikia kifuani, na baada ya magoti mikono, na baada ya mikono uso, ndani ya picha yangu, karibu kabisa, ukitazama fremu ya picha juu na kinywa kikiwa wazi bila sauti.

Sauti ilikuja baadaye. "Mama, nimekuya. Mama, nimekuya." Hakusema kingine.

Wanawake wa kwaya walimtambua kabla yangu. Wimbo ulivunjika na wakaanza kulia kweli, wao waliojua kwamba hakuna aliyekufa. Nami, mkono wangu ulikuwa juu ya kamera na sikuuondoa. Nasema wazi: sikuuondoa. Nilikuwa natazama kitu nilichopaswa kukifanya miaka minne iliyopita, mtu mwingine akinifanyia.

Mama alitoka jikoni. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaja akasimama kati ya meza na mwanawe.

"Nilikuambia usirudie mpaka siku ya kunizika," alisema. "Ile siku njo leo. Sasa imeisha. Simama, unawe mikono."

Kijana aliangalia miguu ya mama yake kwanza, halafu juu. Alitambaa kinyumenyume mpaka mgongo wake ukakaribia kuniangukia shimoni. Ndipo aliponiona: kichwa cha mtu na kamera, ndani ya shimo lake. Uso wake ukabadilika. Alisimama.

"Mama, unanifanya ile? Mi nimetoka Kasaji pa pikipiki, nilijua nakuta sanduku!"

"Najua."

"Unajua? Na hii batu inanikamata filme?"

"Njo kazi yabo."

Aligeuka akaondoka. Tulisikia mabuti yake yakipita ubavuni mwa nyumba na kwenda. Fundi wa simu alitaka kumkimbilia.

"Musimufwate," alisema mama. Alikaa mkekani, chini ya picha yake mwenyewe, miguu ameinyoosha kama mfiwa. Mikono yake ilikuwa imekamata pindo la kitenge na haikuachia.

Fundi wa simu, ambaye hawezi kuvumilia kimya, alimuuliza: "Lakini mama, mabinti yako ba Lubumbashi? Bakisikia?"

"Bale nilibapigia simu mbele ya kila kitu. Nilibaambia, mukisikia nimekufa, muendelee kuuza soko. Yeye njo sikuwa na namba yake."

Hapo nikaelewa matawi ya barabara kubwa, na picha, na siku tatu. Nilitoka shimoni, nikakaa mbele yake.

"Mama, kwa nini haukutuma tu mutu amutafute? Amuambie arudie?"

"Ile neno nililisema mbele ya batu," alisema. "Mutoto alilishika. Kama nilituma mutu, angesema: mama alishaka kusema, siku ya kunizika. Neno ya vile, mwenye kulisema haweze kulimeza tena. Nilisema nilizike ile neno basi, tuone." Akatazama njia. "Sasa akienda, nitasema nini ingine?"

Wanawake waliokuwa wakilia walijifuta macho. Lori likapita, likaisha. Bukari ilikuwa inapoa. Taa nyekundu ya kamera shimoni ilizimika. Betri ilikuwa imekufa, na jua lilikuwa limefika kwenye bati za mstari wa pili.

Tulichosikia kwanza ni sauti ya kitu kinachoburuzwa, kama ufagio mkubwa. Kijana alikuja ubavuni mwa nyumba akivuta matawi ya mchikichi, yote, ya pande zote mbili za barabara, vumbi likipanda nyuma yake. Kwetu matawi ya kilio hutolewa na mtoto wa marehemu, siku kilio kinapokwisha. Alifika, akayatupa miguuni pa mama yake.

"Sitaki batu baendelee kusema umekufa," alisema.

"Aksanti, tata," alimjibu. Alimwita tata, kama mtu anavyomwita mwanaume mwenye nyumba. "Nawa mikono."

Alinawa. Alikula kwa hasira, kichwa chini, akameza tonge kubwa mno, na mama yake akamsogezea maji bila kumtazama. Kasaji alikuwa analima na kubeba mizigo kwa baiskeli; alikuwa karibu hivyo miaka yote mitatu. Yule mama wa mihogo alikuwa mteja wake.

Asubuhi iliyofuata nilikuja na betri imejaa. Nilikuwa bado na vipande viwili vya kupiga kutoka shimoni. Kijana alikuwa amekwishaamka, bati liko pembeni, naye anatupa udongo ndani kwa koleo la jirani. Shimo lilikuwa limebaki la magotini. Niliweka begi la kamera chini. Palikuwa na koleo la pili.

Mama aliniita jikoni. "Nionyeshe ile ya jana."

Nilimfunikia kioo cha kamera kwa pindo la kitenge ili mwangaza usiharibu. Alitazama mabuti yakija, yakisimama, magoti yakishuka. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Ilipokwisha alisema, "Rudia." Nikarudia. Alitazama mara tatu, na mara ya tatu midomo yake ilikuwa ikisema pamoja naye: mama, nimekuya. Nje, koleo liliendelea kugonga mawe.

"Ananililia muzuri," alisema.

"Anakulilia muzuri, mama."

"Sasa futa. Ile haiko ya batu."

Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga na nitakazopiga. Nilimtazama ili nimwombe. Nikakumbuka simu mbili za mama yangu. Nikabonyeza.

Filamu tuliimaliza kwa kompyuta ya fundi wa simu, kati ya wateja wake. Tuliionyesha Jumapili mchana, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ileile, madirisha yamezibwa kwa ile mifuko myeupe tuliyoipindua na kuikunja, picha zikiangukia shuka ukutani. Chumba kilijaa. Mwigizaji alikuja na marafiki wa Mashamba, wakamshangilia kila alipopita. Kijana wa nyumba alikaa karibu na mlango; kesho yake angerudi Kasaji kuvuna mahindi yake, na namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa jiko.

Kwenye filamu, mtu anapita ubavuni mwa nyumba kwa mwendo wake mbaya, anaona mikeka, na hapohapo picha inakuwa nyeusi. Wanawake wanasikika wakiimba gizani kwa muda, kisha inakwisha.

"Eh!" alilalamika mzee wa koti la suti. "Juu ya nini imekata pale? Alifanya nini kisha?"

Watu waligeuka kunitazama. Mama jirani, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, hakugeuka.

"Batri ilikufa, tata," alisema. "Kuya tukule."